Pombe ya kimea imepungua au ina ladha ya ajabu? Anza na maji

Mtu akifungua chupa akakuta pombe yake inanuka plasta ya kidonda, mchawi wa kwanza kumtaja ni chachu. Wa pili ni kimea. Maji hayatajwi kabisa, kwa sababu yalitoka bombani na yalikuwa safi machoni. Maswali ninayoletewa na wenzangu wanaopika nyumbani kwa kimea kitupu, bila ile rojo ya kimea inayouzwa tayari kwenye kopo, yananionyesha kinyume. Malalamiko mengi huanzia kwenye maji yaliyokadiriwa kwa macho, au maji ambayo mpikaji hakuwahi hata kuyaonja.

Tena mawili hayo hufuatana. Lita zikipungua, mtu anayasuuza machicha mpaka yanatoa maji ya rangi ya chai iliyochujwa mara ya tatu, na hapo ukakasi unaingia. Au anafungulia bomba na kujazia ndoo, na klorini inaingia pamoja na maji hayo. Kosa lilikuwa la kipimo, lakini atakachokionja wiki ya nne ni ladha mbaya. Kwa hiyo naanza na lita, kisha ladha. Fuata mpangilio huo hata kama kinachokusumbua ni ladha tu.

Kuhusu maneno: mimi napikia gerejini Minnesota, lakini maneno ya kazi hii niliyakuta Marangu kwa bibi aliyepika mbege, na sioni sababu ya kuyaacha. Kimiminika kitamu kinachotoka kwenye kimea kabla ya chachu nakiita togwa, maana haijachachuka. Nafaka iliyobaki ni machicha. Kilichotuama chini ya sufuria au ndoo ni mashapo. Deli ni lile kasha la kutunzia barafu ambalo wengi wetu tunalowekea kimea ndani yake.

Hesabu ya kuwa nayo mkononi

Tuseme unataka lita 20 ndani ya ndoo ya kuchachushia, na una kilo 5 za kimea cha shayiri. Rudi nyuma hatua kwa hatua. Mashapo na hopsi, yale maua yanayotia pombe uchungu, vitabaki na lita 2 chini ya sufuria, kwa hiyo unahitaji lita 22 zilizopoa. Maji yanayochemka huwa yamevimba kwa karibu asilimia 4 kuliko yakiwa ya baridi, kwa hiyo hizo 22 zitaonekana kama 23 zikiwa za moto. Saa moja ya kuchemsha hupoteza, tuseme, lita 4 za mvuke. Kabla ya kuchemsha basi sufuria iwe na lita 27 za moto, ambazo ni kama 26 za baridi. Kimea kikavu hunywa karibu lita 1 kwa kila kilo, yaani lita 5, na chini ya koki ya deli hubaki lita 1 isiyotoka. Jumla ni lita 32 za maji ya baridi. Ukiloweka kwa lita 3 kwa kilo, 15 zinaingia na kimea na 17 zinabaki za kusuuzia.

Anayetumia mfuko wa kitambaa na kuukamua vizuri atapoteza kidogo kuliko hapo, mara nyingi kati ya nusu lita na robo tatu kwa kilo. Namba zako hazitakuwa zangu. Zipime mara moja, uziandike ukutani.

## Dalili: lita zimepungua ndani ya ndoo

Hii ndiyo ninayoulizwa kuliko zote. Sababu zake, kuanzia ya kawaida zaidi:

1. Mvuke ni mwingi kuliko ulivyodhani. Mvuke hufuata upana wa sufuria na ukali wa moto, haujali wingi wa togwa. Ukipika nusu ya kipimo kwenye sufuria ileile kwa moto uleule, utapoteza lita zilezile 4. Wengi hupunguza kila kitu kwa nusu, mvuke ukiwemo, kisha wanashangaa.
2. Kipimo kilisomwa kikiwa cha moto. Lita 23 zinazotokota si lita 23.
3. Kimea kimekunywa zaidi. Kimea kilichosagwa kuwa unga, na mapishi yenye ngano au oti nyingi, hushika maji zaidi.
4. Hopsi nyingi. Pombe yenye hopsi kidogo na ile ya gramu 200 haziwezi kubakiza mashapo sawa.
5. Koki au ungio linavuja polepole. Ni nadra, lakini angalia kama sakafu ina unyevu unaonata.

Kipimo rahisi: siku ambayo hupiki, weka lita 20 za maji ya kawaida kwenye sufuria yako, chemsha kwa saa moja kwa moto unaoutumia siku zote, acha yapoe kabisa, kisha pima yaliyobaki. Umepata namba ya mvuke, na imekugharimu gesi kidogo tu.

Kuhusu kupima, achana na mistari iliyochorwa kiwandani mpaka uihakiki. Sufuria yangu ina kipenyo cha sentimita 36, na kwa kipenyo hicho kila sentimita moja ya kina ni takriban lita moja. Nilichukua mwiko wa mbao, nikamimina maji lita mojamoja kutoka kwenye chupa ya kipimo, na kila lita nikakata alama kwa kisu. Alama ya 27 ina kovu kubwa kuliko nyingine kwa sababu naitafuta gerejini wakati mvuke umejaa miwani. Bibi alitumia kata ya kibuyu na hakuwahi kukosea, ila yeye alipikia chungu kilekile miaka yote.

Marekebisho ya leo: kama togwa ni chache lakini nzito, kilichoondoka ni maji tu, na unaweza kuyarudisha. Pima kwa haidromita, kile kifaa kinachoelea na kuonyesha uzito wa sukari kwenye togwa (maji matupu husoma 1.000). Tarakimu za mwisho za kipimo ndizo pointi. Zidisha pointi kwa lita. Mfano, lita 18 zinazosoma 1.056 ni 56 mara 18, sawa na 1008. Gawanya kwa 20, unapata karibu 50, yaani 1.050. Ongeza lita 2 na umefika. Lakini maji hayo yawe yamechemshwa na kupozwa, na yawe yametibiwa klorini kama nitakavyoeleza mbele. Kama togwa ni chache na pia ni nyepesi, usiongeze maji. Tatizo lako liko dalili ya tatu.

Usilitatue kwa kusuuza machicha zaidi. Pombe ya lita 18 nzuri inanyweka. Lita 20 zenye ukakasi zitakaa kabatini mpaka wageni waishe.

## Dalili: lita zimezidi na togwa ni nyepesi

Karibu kila mara mtu amemimina maji yote ya kusuuzia bila kuangalia sufuria imefika wapi. Mara chache moto ulikuwa hafifu, mvuke haukutoka. Ukipikia nje kwenye upepo bila kizuizi, joto jingi linaondoka na upepo.

Pima kabla hujatia hopsi. Lita 23 za 1.043 ukizichemsha hadi 20 zitasoma karibu 1.049, na kwa mvuke wa lita 4 kwa saa hiyo ni dakika 45 za ziada. Ukizichemsha dakika hizo kabla ya hopsi, hujaharibu kitu. Ukigundua mwishoni, dakika hizohizo zitakuongezea uchungu ambao hukuupanga, na mara nyingi ni heri kuikubali pombe nyepesi.

Simama hapa kama unachemshia ndani. Majira ya baridi kishawishi cha kufunga mlango wa gereji ni kikubwa, hasa unapoongeza dakika 45. Jiko la gesi ya mtungi ndani ya chumba kilichofungwa hutoa monoksidi ya kaboni, ambayo haina harufu. Kichwa kikianza kuuma au ukisikia kizunguzungu, zima moto, toka nje na watu wote, na piga simu ya dharura; usirudi kuokoa togwa. Ukisikia harufu ya gesi, funga mtungi ukiweza kuufikia salama, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, na uwaachie wenye kazi yao. Wanaotumia kipasha umeme: swichi inayojikata yenyewe mara kwa mara inakuonya. Mwite fundi umeme, usiibadilishe na nyingine kubwa zaidi.

## Dalili: lita ziko sawasawa, haidromita inasoma chini

Kabla ya kulaumu kimea, hakikisha umepima sawa. Haidromita nyingi zimewekwa zisome kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Togwa ya nyuzi 60 itasoma chini kwa takriban pointi 15, yaani 1.050 itaonekana 1.035, na mtu anakwenda kununua kilo nyingine ya kimea bure. Poza sampuli kwanza. Pia koroga sufuria. Togwa nzito ya mwanzo hukaa chini, ya kusuuzia hukaa juu, na ukichota juu unapima maji ya kusuuzia.

Kama kipimo ni sahihi, fuata mstari huu:

- Kimea hakikuparazwa vya kutosha. Chukua kiganja cha kimea kikavu na ukiangalie kwa karibu. Punje nzima zisiwepo, na maganda yabaki yamepasuka bila kuwa unga. Anayejua kuparaza mahindi ya makande anaijua sura hiyo.
- Kuna madonge. Mimina kimea polepole huku ukikoroga, kisha ingiza mwiko mpaka pembe za deli. Donge kubwa kama ngumi likivunjwa baada ya saa nzima hukutwa kavu katikati.
- Joto halikufikia. Lenga nyuzi 65 hadi 68 ndani ya uji wenyewe, si kwenye maji kabla ya kimea kuingia. Deli la baridi hunywa nyuzi kadhaa; lipashe kwa maji ya moto kwanza.
- Maji yana baikaboneti nyingi, na uji umekaa juu ya pH 5.6 (pH ni kipimo cha asidi; ikipanda, asidi imepungua). Hapa vimeng'enya vya kimea hufanya kazi kwa uvivu. Tazama sehemu ya ukakasi, dawa ni ileile.
- Umesuuza haraka mno. Koki ikifunguliwa yote, maji hujichimbia njia moja pembeni na kuacha katikati sukari yote.

Walio nyanda za juu wasichanganye mambo. Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Hilo haliathiri kuloweka kwa nyuzi 66. Linachoathiri ni hopsi, ambazo hutoa uchungu kidogo kuliko kwenye nyuzi 100, kwa hiyo mapishi ya pwani yakipikwa Nairobi hutoka laini na mtu hudhani hopsi zimechakaa.

## Dalili: machicha yamekwama, togwa haitiririki

Funga koki, usubiri, koroga machicha yote upya, acha yatulie dakika 10, kisha fungua kidogo sana. Mara nyingi hilo linatosha. Kama yamepoa, ongeza lita chache za maji ya moto yasiyozidi nyuzi 77. Chanzo kikubwa ni kuparaza laini kupita kiasi, kisha ngano au oti bila maganda ya mpunga ya kulegeza. Maganda ya mpunga hayaongezi ladha. Gramu 200 hivi kwa kilo 5 zilizo na ngano nyingi huokoa mchana mzima. Osha kwanza, yana vumbi.

Usipulize bomba kwa mdomo.

## Dalili: harufu ya dawa, plasta au plastiki iliyoungua

Klorini inayowekwa kwenye maji ya mji hukutana na fenoli za kimea na chachu, na kinachozaliwa hapo kinanukia hata kikiwa kidogo mno. Hakitoki kwa kuhifadhi muda mrefu. Pombe iliyopata harufu hii imekwisha.

Niliwahi kumwaga lita 20. Lita zilipungua, nikajazia mbili kwa mpira wa bustani uliokuwa ukilala juani kiangazi chote. Nilijua maji ya kupikia nimeyatibu, kwa hiyo nilijiona niko salama. Lita mbili kati ya ishirini zilitosha. Hata shimo la maji machafu lilinuka zahanati.

Sababu kwa mpangilio: maji ya bomba yasiyotibiwa; maji ya kujazia au ya kusuuzia yaliyosahaulika wakati ya kulowekea yalitibiwa; dawa ya kusafishia yenye klorini iliyobaki kwenye ndoo; mpira usio wa maji ya kunywa; na mwisho kabisa chachu ya mwitu, ambayo huleta harufu inayofanana lakini mara nyingi huambatana na povu lisiloisha chupani.

Jua kwanza mji wako unatumia nini. Klorini ya kawaida hutoka ukichemsha, au ukiacha maji wazi usiku kucha. Walio Dar wenye maji yaliyolala kwenye simtanki siku tatu huenda hawana klorini ya kutosha kunukia. Kloramini, ambayo miji mingi ya Marekani inaitumia, imetengenezwa makusudi isitoke kirahisi, na wanaoacha ndoo wazi usiku kucha wanajidanganya.

Dawa ni vidonge vya Campden, ambavyo ni metabisalfaiti ya sodiamu au ya potasiamu. Kimoja hutibu takriban lita 75. Kwa lita 32 zetu, ponda nusu kidonge kiwe unga kabisa, tia kwenye maji yote ya siku hiyo, pamoja na ya kujazia, koroga, subiri dakika chache. Hufanya kazi kwa klorini na kloramini. Mwenye pumu au anayedhurika na salfaiti asiponde mwenyewe wala kuinamia ndoo. Chujio la makaa nalo linafaa, ila maji yapite polepole. Ukilifungulia bomba lote, kloramini inapita nayo.

## Dalili: ukakasi, ulimi unakauka kama umetafuna ganda la ndizi mbichi

Uchungu wa hopsi unausikia nyuma ya ulimi na unapita. Ukakasi unashika fizi na mashavu, na ukilamba meno yanakuwa makavu. Ukishajua tofauti hiyo huwezi tena kuvichanganya.

Unatoka kwenye maganda ya kimea. Wengi wetu tumeona mtu akitia magadi kwenye makande ili maganda yalainike upesi. Baikaboneti iliyomo kwenye maji magumu ni ndugu wa magadi: maji yakiegemea upande huo na yakiwa ya moto, maganda ya shayiri yanaachia vitu ambavyo tungependa yabaki navyo. Kwenye makande ni faida. Kwenye pombe nyeupe ni hasara.

Sababu ya kwanza ni kusuuza kupita mwisho. Kadiri sukari inavyoisha ndivyo pH ya machicha inavyopanda. Onja togwa inayotiririka. Ikiwa imebaki maji yenye ladha ya chai baridi, funga. Kwa haidromita, simama ikifika 1.010 ikiwa imepozwa. Anayepitiliza hapo ndiye yule aliyekuwa anatafuta lita zake mbili zilizopotea.

Ya pili ni maji ya kusuuzia yenye joto kali. Yasizidi nyuzi 77. Ya tatu ni pH yenyewe: uji uwe kati ya 5.2 na 5.6, sampuli ikiwa imepoa. Karatasi za kubadilika rangi ni za kukisia tu. Kipima pH kidogo cha kidijitali kinafaa zaidi, mradi ukihakikishe kwa vimiminika vyake kabla ya kutumia. Ya nne ni kimea kilichosagwa unga.

Ukikuta pH ya 5.8 kwa kimea cheupe, tia asidi ya laktiki ya asilimia 88 mililita moja, koroga, subiri, pima tena. Usimimine kwa kukisia, maana ikizidi utaionja kama maziwa mgando. Vaa miwani na glavu, asidi hiyo inaunguza. Njia nyingine ni kimea chenye asidi: kila asilimia moja ya uzito wa nafaka hushusha pH kwa karibu 0.1. Kimea cheusi kilichokaangwa pia hushusha, na ndiyo sababu maji ya Dublin yenye baikaboneti nyingi yalikubaliana na pombe nyeusi, wakati maji mepesi ya Plzeň yalifaa ile ya dhahabu. Wapikaji wa zamani hawakuwa na kipima pH. Walipika kile ambacho maji yao yaliruhusu.

Kama birika lako lina ukoko mweupe, kuna njia ya bure. Chemsha maji usiku, acha yapoe, ukoko utulie, kisha mimina ya juu taratibu. Baikaboneti nyingi imebaki chini. Haifanyi kazi kwa maji yaliyopita kwenye mashine ya kulainisha ya nyumbani, maana ile huondoa kalsiamu na kuweka sodiamu, lakini baikaboneti inaiacha palepale.

## Dalili: hakuna kasoro, lakini pombe imepooza, au uchungu wake unakwaruza

Hapa ndipo watu hupenda kuanzia, kwa sababu kununua chumvi kwenye pakiti kunaleta raha ya kufanya jambo. Ningeiweka mwisho. Mwenye klorini na pH mbovu haokolewi na jasi, yaani salfeti ya kalsiamu.

Ukishamaliza hayo: salfeti huukausha na kuuchongoa uchungu wa hopsi, kloridi huijaza pombe mdomoni na kuutoa utamu wa kimea. Maji ya Burton upon Trent, Uingereza, yana jasi nyingi, na pombe zake chungu zilijengewa jina juu ya hilo. Maji ya Nairobi yatokayo milima ya Aberdare ni mepesi, karibu kama yale yaliyochujwa yakabaki bila madini. Ukitia gramu 3 za jasi na gramu 3 za kloridi ya kalsiamu kwenye lita 32 za maji ya namna hiyo, unapata kalsiamu karibu miligramu 50 kwa lita, salfeti 50 na ushee, kloridi kama 45. Ni mahali pazuri pa kuanzia. Pima kwa mizani ya gramu, si kijiko. Safari nyingine badilisha kimoja tu.

Anayesema uchungu unakwaruza huwa ametia jasi kwenye maji ambayo tayari yalikuwa nayo. Kila mtoa maji wa umma Marekani hulazimika kutoa ripoti ya mwaka kabla ya Julai 1, ila ripoti hiyo huangalia usalama na mara nyingi haitaji salfeti. Piga simu, omba kalsiamu, magnesiamu, sodiamu, kloridi, salfeti na alkali. Mimi nilipopiga, aliyepokea aliniuliza kama napika pombe kabla sijamaliza sentensi.

## Dalili: chumvi, chuma, mayai viza

Ladha ya chumvi: mashine ya kulainisha kwanza. Huku Minnesota nyumba nyingi zenye maji ya ardhini wanayo, na mara nyingi bomba la nje au la baridi jikoni halikupitishwa humo, tafuta hilo. Visima vya Dar karibu na bahari huwa na chumvi ya kwao, na hakuna kidonge cha kuitoa. Tumia maji mengine, au changanya nusu kwa nusu na yaliyochujwa kabisa.

Ladha ya kulamba msumari: jaza glasi nyeupe, iache usiku kucha. Ikiwa na uwekundu wa kutu asubuhi, ni chuma ardhini. Kama haina, kagua sufuria na maungio yaliyokwaruzwa. Maji ya bomba la moto usiyapikie kamwe, yamekaa kwenye tangi na mabomba yakila metali. Nyumba ya zamani inaweza kuwa na risasi kwenye mabomba, na hiyo haina ladha. Hapo ni maabara na fundi bomba.

Mayai viza: nusa bomba la baridi na la moto. Likinuka la moto tu, kasoro iko kwenye tangi la kupashia. Yakinuka yote, ni kisima. Yasiponuka, ni chachu ya lager ikifanya kazi yake, na wiki chache zitaiondoa.

Acha kupika, upime kwanza, kama maji yananuka petroli, yamebadilika rangi ghafla, au yanatoka kwenye kisima ambacho hakijapimwa. Kisima cha nyumbani kipimwe vijidudu na nitreti kila mwaka, na aseniki angalau mara moja. Vijidudu utaviua kwa moto. Nitreti na aseniki haviondoki kwa kuchemsha. Hali kadhalika pipa lililowahi kubeba kemikali: halisafishiki, hata ulisugue vipi.

Na walio Arusha na vijiji vya kuzunguka Meru wanajua habari ya floridi kwa kuangalia meno. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Campden haiigusi, kuchemsha hakuitoi. Chujio la mkaa wa mifupa, au la osmosisi, ndilo linaloipunguza. Rudi kwenye hesabu ya mwanzo: sufuria inaanza na lita 27 na kumaliza na 23. Maji yaliyoingia na miligramu 3 kwa lita yanatoka hapo yakiwa na 3.5.